Tozo ya Barabara kwa Trekta Lisilopita Barabarani

Trekta kuukuu la petroli linalokata nyasi za ng'ombe katika bonde la mto Connecticut, upande wa New Hampshire, linaweza kumaliza mwaka mzima bila kukanyaga lami. Mwenyewe hununua petroli kituoni kama watu wengine, na kila galoni, yaani lita 3.8 hivi, huja imeshakatwa senti 22.2 za jimbo. Pesa hizo ni za barabara. Trekta haliendi barabarani. Ndiyo maana sheria inamruhusu mwenye shamba kuomba arudishiwe. Na hapo ndipo wengi wanapojikwaa: mtu anajaza fomu vizuri, anaambatisha kila karatasi, anatuma, kisha anajibiwa kwa neno moja tu, kwamba amechelewa.

Jina la kodi yenyewe huwapoteza watu. New Hampshire haisemi kodi ya mafuta. Kwenye vitabu vyake vya sheria inaitwa tozo ya barabara, na inasimamiwa na Idara ya Usalama ya jimbo. Wakati huohuo jimbo lina vibanda halisi vya kulipia njia, kama vile Hampton na Hooksett, na hivyo viko chini ya Idara ya Uchukuzi. Anayedai tozo ya mafuta akapeleka barua kwa watu wa vibanda amekwishapoteza wiki kadhaa kabla hajaanza. Msomaji wa Tanzania hatashangaa sana, maana kwao pia sheria inayokata pesa za barabara kwenye kila lita ni Sheria ya Tozo za Barabara na Mafuta, ingawa makato hufanyika kwenye pampu na si kwenye kizuizi. Kenya wana ada ya matengenezo ya barabara, iliyopanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita mwezi Julai 2024. Wazo ni lilelile: pampu imegeuzwa kizuizi.

Kwa Marekani wazo hilo lilianzia Oregon mwaka 1919, kwa senti moja kwa galoni. Kufikia 1929 majimbo yote 48 ya wakati ule yalikuwa yamelifuata. New Hampshire ilikwenda mbali zaidi mwaka 1938, ilipoandika ndani ya katiba yake, kifungu cha 6-a cha sehemu ya pili, kwamba mapato ya tozo hii na ya usajili wa magari yatumike kwa barabara za umma tu. Kiwango cha senti 22.2 kilianza Julai 2014, kutoka senti 18, na asilimia 12 ya mapato ya tozo na usajili hugawiwa miji kwa ajili ya barabara zao ndogo. Inafaa mdai ayajue haya, kwa sababu yanaeleza mambo mawili kwa mpigo. Kwanza, kwa nini anayo haki: kama pesa ni za barabara peke yake, asiyetumia barabara ana hoja. Pili, kwa nini serikali huwa kali kwa anayechelewa: zile senti zake zimekwishapigiwa hesabu, zikagawiwa, na huenda zimekuwa kokoto kwenye mtaro wa kijiji fulani.

Wanaolima New Hampshire si Wamarekani wa vizazi vingi pekee. Dunbarton, karibu na Manchester, kuna mashamba ya mboga yanayolimwa na familia zilizofika kama wakimbizi kutoka Somalia, Kongo, Burundi na Rwanda, na baadhi yao huzungumza Kiswahili nyumbani. Mashine ndogo ya kutifulia udongo, pampu ya maji, jenereta: vyote hivyo hunywa petroli, na vyote havipiti barabarani.

Tuseme mkulima ametumia galoni 1,200 za petroli kwa mwaka kwenye mashine za shamba. Kwa senti 22.2, tozo ya jimbo ni dola 266.40. Juu yake kuna kodi ya mafuta ya serikali kuu, senti 18.4 kwa galoni ya petroli tangu 1993, ambayo senti 18.3 kati yake hurudishwa kwa matumizi ya shamba; hizo ni dola 219.60. Zikirudi zote, ni dola 486. Si utajiri, lakini si pesa ya kuachia ofisi kwa sababu ya tarehe.

Tarehe hiyo ina nguvu kiasi gani? Watu wengi hudhani ni utaratibu wa ofisi tu, kwamba karani mwenye huruma anaweza kuupindisha. La. Siku ya mwisho ya kudai marejesho kwa kawaida imeandikwa ndani ya sheria iliyopitishwa na bunge, na mtumishi wa idara hana mamlaka ya kuisogeza hata kama anaamini kila neno la mdai. Ndiyo sababu mabunge ya majimbo hujikuta yakijadili miswada juu ya jambo linaloonekana dogo mno kwa bunge, yaani madai yaliyofika nje ya muda. Aliyeweka mlango ni bunge, na ufunguo uko hukohuko.

Kesi moja ya kodi ya mapato inaonyesha ukali huo kuliko maelezo yoyote. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua shauri la United States dhidi ya Brockamp, lililowahusu walipakodi wawili waliokuwa wamelipa maelfu ya dola zaidi ya walivyodaiwa, kisha wakakaa miaka kadhaa kabla ya kuomba kurudishiwa. Mmoja alikuwa mzee aliyedhoofika akili. Mwingine alikuwa mgonjwa wa ulevi. Hakuna aliyebisha kwamba walilipa zaidi. Walichoomba ni mahakama iwahurumie kwa kuwa akili zao hazikuwa timamu kipindi kile. Majaji wote, kwa maamuzi yaliyoandikwa na Jaji Breyer, walikataa: muda umeandikwa kwa undani mno ndani ya sheria kiasi kwamba mahakama haiwezi kuongeza msamaha ambao bunge halikuuweka. Mwaka uliofuata, 1998, Kongresi ikauweka msamaha huo yenyewe: saa ya kudai husimama kwa mtu asiyeweza kusimamia mambo yake ya fedha kwa sababu ya ugonjwa unaotarajiwa kudumu miezi 12 au zaidi, au kumwua, ilimradi hakuna mwenzi wa ndoa au mtu mwingine aliyeidhinishwa kumsimamia. Kilio kilikwenda mahakamani kikashindwa. Kilikwenda bungeni kikasikika. Ingawa ni sheria ya kodi ya mapato ya serikali kuu, mwenye dai la mafuta anaona njia ilivyo.

Kabla ya kulia kokote, mdai ajue anapimwa kwa saa ya aina gani, maana ziko mbili na hazifanani.

Saa ya kwanza hutembea na kila risiti. Virginia humpa mdai mwaka mmoja tangu siku ya kununua mafuta. Washington, ile ya Seattle, hutoa miezi 13. California ni wakarimu: miaka mitatu tangu siku ya ununuzi. Katika majimbo ya namna hii dai halifi lote siku moja. Linakufa kidogo kidogo, risiti ya zamani ikitangulia. Mtu wa Virginia aliyelala miezi 15 amepoteza mafuta ya miezi mitatu ya mwanzo, lakini yale ya miezi 12 ya karibuni bado yako hai, na kila wiki anayozidi kusita inakata kipande kingine. Wengi husikia neno kuchelewa wakatupa bahasha nzima. Kosa hilo ni la gharama kuliko kule kuchelewa kwenyewe.

Saa ya pili ni dirisha linalofunguliwa na kufungwa. Mfano wake mzuri ni Missouri, na unastahili kukaliwa kidogo kwa kuwa huko haki ya kurudishiwa haikuachwa kwa wakulima tu. Ilipewa karibu kila mwenye gari.

Mwaka 2021 gavana Mike Parson alisaini mswada wa Seneti namba 262. Kodi ya mafuta ya jimbo, iliyokuwa senti 17 kwa galoni, ingepanda kwa senti 2.5 tarehe 1 Oktoba 2021, kisha senti 2.5 nyingine kila Julai, mpaka ifike senti 29.5 mwezi Julai 2025. Ndani ya sheria hiyohiyo bunge likaweka kitulizo: mwenye gari la uzito usiozidi pauni 26,000, yaani tani 11.8 hivi, anaweza kuomba arudishiwe lile ongezeko lote, hata kama gari lake linapita barabarani kila siku. Kinachotakiwa ni dai liwasilishwe kati ya tarehe 1 Julai na 30 Septemba, kwa mafuta ya mwaka wa fedha uliokwisha tarehe 30 Juni. Kabla ya Julai halipokelewi. Baada ya Septemba limekufa.

Na vielelezo vyake si vichache. Sheria inataka namba ya chesisi ya gari, tarehe ya kila mauzo, jina na anwani ya mnunuzi, jina na anwani ya muuzaji, na idadi ya galoni. Kumbukumbu zitunzwe miaka mitatu. Dereva anayetumia galoni 600 kwa mwaka angepata dola 11 au 15 tu mwanzoni, pesa ambayo wengi hawangeikalia mezani kupanga risiti. Lakini kwa mafuta yaliyonunuliwa kati ya Julai 2024 na Juni 2025, ambapo ongezeko lilikuwa senti 10, galoni hizohizo ni dola 60. Kuanzia Julai 2025, kwa senti 12.5, ni dola 75. Familia yenye magari mawili na kijana anayeendesha kwenda chuo ina sababu ya kuweka kopo la risiti jikoni. Mwenye jicho kali ataona pia kwamba haki inayopatikana kwa miezi mitatu tu, kwa karatasi nyingi, kwa pesa kidogo, imetengenezwa na watu waliojua kuwa wengi hawataidai.

Serikali kuu nayo ina saa yake, na hapa kuna habari njema kwa waliochelewa.

Mwenye biashara anayetumia mafuta nje ya barabara anaweza kudai kodi ya serikali kuu kila robo mwaka kwa fomu namba 8849, jedwali la 1, ilimradi dai limefika dola 750. Mfano wa karibu zaidi kwa Waswahili wengi wa Marekani ni trela la jokofu. Injini inayopoza mzigo, ikiwa na tangi lake peke yake, haiendeshi gari. Dizeli yake inahesabiwa kama iliyotumika nje ya barabara hata kama trela zima limo barabarani kutoka Texas hadi Maine. Kwa senti 24.3 kwa galoni, dola 750 ni galoni 3,090 hivi. Dai la robo lina siku yake ya mwisho: mwisho wa robo inayofuata. Sasa, mwenye trela aliyeikosa siku hiyo hajapoteza chochote isipokuwa subira. Kiasi kilekile anakidai kwenye ritani yake ya mwaka kwa fomu 4136. Na kama ritani imekwishapelekwa bila fomu hiyo, anaweza kuisahihisha, kwa kawaida ndani ya miaka mitatu tangu alipoiwasilisha. Mkulima hana njia ya robo mwaka. Kwa mafuta ya shamba anaingia moja kwa moja kwenye fomu 4136, lakini miaka mitatu ya kusahihisha anayo.

Kwa hiyo aliyefungiwa mlango na jimbo asidhani ameukosa na wa serikali kuu. Ni kodi mbili, ofisi mbili, saa mbili. Ila akumbuke jambo ambalo wahasibu hulirudia kila mwaka: kama gharama yote ya mafuta aliitoa kwenye mapato kama matumizi ya biashara, ile kodi inayorudi lazima ahesabu kuwa ni mapato.

Madereva wa malori makubwa wana mkataba wao wa kodi ya mafuta, uitwao IFTA, unaounganisha majimbo 48 na mikoa 10 ya Kanada. Lori la zaidi ya pauni 26,000 au lenye ekseli tatu au zaidi, likivuka mipaka, hujaza ripoti kila robo: siku za mwisho ni 30 Aprili, 31 Julai, 31 Oktoba na 31 Januari. Aliyenunua dizeli nyingi kwenye jimbo lenye kodi ya juu akaenda kuichoma kwenye jimbo la kodi ya chini, tofauti humrudia kupitia ripoti hiyo. Kuchelewa kuna adhabu ya dola 50 au asilimia 10 ya deni, kile kilicho kikubwa. Kumbukumbu zitunzwe miaka minne. Dereva wa Kikongo au Mkenya aliyejisajili mwenyewe badala ya kukodiwa na kampuni aziandike tarehe hizo nne ndani ya kabini ya lori, mahali anapobandika picha ya watoto.

Kwa wanaotumia dizeli, njia rahisi kuliko zote ni kutolipa kodi hiyo tangu mwanzo. Iko dizeli iliyotiwa rangi nyekundu, inayouzwa bila kodi ya barabara kwa matrekta, katapila, jenereta na majokofu ya trela. Asiye na dai hachelewi kudai. Lakini nyekundu hiyo isiingie kwenye tangi la gari la barabarani hata kwa bahati mbaya. Wakaguzi huchovya kipimo kwenye tangi kando ya barabara, na faini ya serikali kuu ni dola 1,000 au dola 10 kwa kila galoni, kile kilicho kikubwa. Petroli haina njia hii ya mkato, ndiyo maana wenye mashine ndogo za petroli hubaki na kazi ya risiti.

Risiti zenyewe zina adui anayejulikana: karatasi. Zile za pampuni huchapwa kwa joto bila wino, na zikikaa kwenye dashibodi miezi miwili ya kiangazi huwa nyeupe kama hazijawahi kuandikwa. Mdai azipige picha siku hiyohiyo, na picha aiite kwa tarehe na jina la mashine. Taarifa ya benki si badala ya risiti, kwa sababu huonyesha dola zilizotoka lakini haionyeshi galoni, na kodi hukatwa kwa galoni. Aliyenunua soda na mkate pamoja na petroli ndiye wa kwanza kulijua hili, baada ya mkaguzi kumwuliza.

Tena kuna galoni zinazoingia kwenye pipa la nyumbani na kugawanywa. Hizo zinataka daftari. Tarehe, mashine gani, galoni ngapi, nani alijaza. Daftari la shilingi mia tano lililochafuka mafuta linaaminika kuliko jedwali safi la kompyuta lililojazwa lote usiku mmoja wa mwezi wa mwisho, na wakaguzi wanajua kutofautisha, kwa kuwa mwandiko wa mwaka mzima haufanani na mwandiko wa usiku mmoja.

Kisha posta. Ofisi nyingi huhesabu tarehe ya muhuri wa posta, wala si siku bahasha ilipofika, lakini nyingine hutaka karatasi iwe mezani kwao siku ya mwisho, kwa hiyo fomu isomwe hadi maandishi madogo ya nyuma. Na bahasha iliyotumbukizwa kwenye sanduku la barabarani jioni ya siku ya mwisho inaweza kugongwa muhuri wa siku inayofuata au ya baadaye, huko inakochambuliwa. Mdai aende dirishani, aombe muhuri ugongwe mbele ya macho yake, atume kwa njia ya kusajiliwa na aibane stakabadhi pamoja na nakala ya dai. Palipo na njia ya intaneti, apige picha ukurasa wa uthibitisho. Ile namba ndiyo shahidi wake pekee siku ofisi itakaposema haikupokea kitu.

Kuna jambo jingine linalosumbua jamii za wahamiaji kuliko kuchelewa: kudai kisicho haki yako kwa ushauri wa mtu wa mtaani. IRS, mamlaka ya mapato ya serikali kuu, imekuwa ikionya juu ya waandaaji wa ritani wanaomwambia dereva wa teksi au mtu anayekwenda kazini kwa gari lake kwamba anastahili unafuu wa kodi ya mafuta. Hastahili. Unafuu huo ni wa shamba, wa mashine za biashara nje ya barabara na matumizi mengine machache. Mwandaaji huchukua asilimia yake na kutoweka. Mwenye jina kwenye ritani ndiye anayebaki kujibu, na adhabu ya dai lisilo na msingi inaweza kufika dola 5,000. Mwandaaji anayekataa kusaini ritani aliyoiandika mwenyewe amekwishajieleza.

Turudi kwa aliyekwisha kuchelewa, ameshika barua ya kukataliwa. Aisome barua hadi mwisho kwanza. Mara nyingi ndani yake mna muda wa kukata rufaa, siku 30 au zaidi, na muda huo nao ni saa mpya inayotembea. Kuchelewa mara mbili ni msiba wa kujitakia. Rufaa itafaa kama tarehe yenyewe ndiyo ina ubishi: muhuri ulisomwa vibaya, dai la mwanzo lilifika kwa wakati likarudishwa kwa upungufu mdogo, ofisi ilitoa fomu yenye tarehe isiyo sahihi. Rufaa ya kusema nilikuwa na kazi nyingi msimu wa mavuno haitafika popote, hata ikiandikwa kwa machozi. Kisha azitenge risiti ambazo bado ziko ndani ya muda na kuzituma upya peke yake, aende kwenye sehemu ya serikali kuu, na kama bado anadaiwa na jimbo kodi nyingine, aulize iwapo kuna namna ya kukata kimoja kwa kingine, ingawa asiweke matumaini mengi hapo.

Baada ya hapo kinachobaki ni bunge, na New Hampshire huenda ndipo mahali rahisi zaidi Marekani kumfikia mbunge. Baraza la Wawakilishi lina viti 400 kwa watu wasiofika milioni moja na nusu, hivyo kila mwakilishi ana kama watu 3,400. Seneti ina 24. Mshahara wao, uliowekwa na katiba tangu karne ya 19, ni dola 200 kwa kipindi cha miaka miwili, na ndiyo maana mbunge anaweza kuwa mstaafu wa jirani, fundi bomba au mkulima mwenyewe mwenye pipa la petroli uani. Vikao huanza Januari, na mapendekezo ya miswada hupelekwa miezi ya vuli inayotangulia. Anayetaka sheria ya madai yaliyochelewa isogezwe amtafute mwakilishi wake Septemba au Oktoba, asingoje theluji.

Aende na pendekezo, si malalamiko. Mswada wa namna hii una maumbo machache. Unaweza kurefusha muda kwa wote. Unaweza kugeuza dirisha kuwa saa inayotembea na risiti. Au unaweza kumpa mkuu wa idara mamlaka ya kupokea dai lililochelewa kwa sababu nzito, kama ugonjwa, kifo katika familia au kuungua kwa nyumba. Hilo la mwisho linamfaa mlipakodi wa kawaida zaidi, mradi sababu ziandikwe ndani ya sheria na uwekwe ukomo, tuseme miezi 12 baada ya siku ya mwisho. Mamlaka yasiyo na ukomo humfaidi anayemjua mkubwa. Kurefusha muda kwa wote kunasikika kuwa ni wema, ila anayesahau miezi minne husahau sita pia, na wahasibu wa serikali watauliza pesa zilizokwisha kugawiwa miji zitarudishwa kutoka wapi. Swali hilo litaulizwa. Mdai awe na jibu, na jibu zuri ni hesabu: madai yaliyochelewa ya mashine za shamba ni galoni chache mno mbele ya mamilioni yanayouzwa jimboni.

Kila mswada katika bunge hilo hupewa kikao cha wazi cha kamati, ambapo mwananchi yeyote anaruhusiwa kusema, awe amezaliwa Hooksett au Bukavu. Asiyeweza kusafiri anaweza kujiandikisha kwa intaneti kuunga mkono au kupinga na kutuma maelezo yake kwa maandishi. Dakika za kuzungumza ni chache. Mkulima aje na barua ya kukataliwa, nakala ya risiti mbili tatu na hesabu ya galoni kwenye karatasi moja. Asimulie kilichompata, ataje kiasi, akae.

Kabla kamati haijapiga kura, ausome mstari wa mwisho wa mswada, unaotaja siku sheria itakapoanza kutumika, aone kama unayagusa madai yaliyokwisha kukataliwa au yale yajayo tu. Kama dai lake halimo, amwandikie mbunge aliyeuleta barua pepe fupi yenye namba ya mswada, mwaka wa mafuta na tarehe ya barua ya kukataliwa, akiomba kifungu kimoja kiongezwe.